Musinizike na Sura ya Anaclet

Ingieni wote, mufunge mulango, na Vital aweke jiwe nyuma yake, juu ya sababu kitasa wenye bunduki walisha kuivunja. Mukuye karibu, mukae hapa chini pembeni ya mukeka, sauti yangu leo haiwezi kuvuka nyumba. Nathanaël, acha kuchungulia ku dirisha. Bunduki ile inalia ngambo ya maji, nimeisikiliza tangu asubuhi, najua ya kuwa iko mbali. Na weye Suzanne, mama ya watoto wangu, ukae hapa kwa kichwa yangu, pale ninaweza kuona uso yako, juu maneno mingi ya leo itapita kwako mbele ya kufika kwao.

Asubuhi mulifikiri nimelala. Sikulala. Niliwasikia nyuma ya jikoni, ninyi wote, na ile sauti ya chini watu wanatumiaka wakati mugonjwa iko karibu, mukisema ya kuwa fundi wa mbao, wa kuchonga sanduku ya mufu, amekimbia, kama mbao yenyewe walisha kuibeba, kama hakuna shuka hata moja tangu siku waliingia humu, wakanivuta na miguu na kuchukua matela ya kulalia chini yangu, na kama kitu safi imebaki mu nyumba hii, kitu inaweza kufunika mutu muzima toka kichwa mpaka miguu, ni kikwembe ya Anaclet, ile kitenge wamechapa sura ya mwimbaji yule. Halafu Suzanne ukasema: basi tutamufunga nayo, ni nzito, ni kitambaa ya Kisangani ya zamani. Kweli ni nzito. Nimeishi nayo mu nyumba moja miaka yote hii, hakuna mutu anajua uzito yake kunipita.

Sikilizeni basi, watoto wangu. Hii ndiyo neno ya kwanza ya wosia yangu, mbele ya parsele, kiwanja hii yetu, mbele ya gitari, mbele ya kila kitu: musinizike na sura ya Anaclet. Munifunge na mukeka hii ninalalia, ao na majani ya ndizi, ao na bashe, turubai ile inavuja, hata na gunia mbili za mihogo zilizoshonwa pamoja, sitasikia haya. Na neno ya pili inafuata hapo hapo: kesho ni siku yake, aniversere ya kifo yake, na kesho mimi sitakufa. Leo ninaweza kufa. Kesho kutwa ninaweza, na kwa moyo mweupe. Lakini kesho nitashika pumzi na meno, juu nikikufa kesho nitakuwa nimekufa ndani ya siku ya mutu mwingine, na kila mwaka watawasha mushumaa ya Anaclet, na mutu moja kule nyuma mu kanisa atamuuliza jirani yake, yule muzee mwingine, yule rafiki yake, naye si alikufa siku hii hii, alikuwa anaitwa nani? Hapo ndipo watanitia, mu ile ulizo, na hakuna atakayenitoa.

Mutasema papa iko na wivu. Niko nayo. Iite wivu, iite zuwa, kwa jina yoyote mutaiita itaitika. Padri alishaniambia mara mingi niiweke chini, na mimi nilimujibu kama mutu hawezi kuweka chini kitu ambayo kila mwaka wanamuletea tena mukononi.

Bénédicte na Vital, ninyi mulimujua Anaclet mu redio na ku kikwembe. Nathanaël alibebwa naye akiwa muchanga, hakumbuki. Mimi nilimujua akiwa mutu. Tulikuwa na orkestra yetu, Shari Elite, tulikuwa tunapiga mu bar moja karibu na soko, kila jumamosi na siku za mishahara. Yeye alipiga solo na kuimba. Mimi nilipiga akompanyema, gitari ya chini, ile inashika wimbo isianguke, ile watu hawaisikie mpaka siku inanyamaza. Alikuwa mufupi. Meno yake ya mbele iliachana. Kwa sura hakunishinda, mama yenu iko hapa, anaweza kusema kama ninadanganya. Lakini akifungua kinywa, wanawake walikuwa wanaweka chupa chini ili wasikie vizuri.

Siye wawili tulimutaka musichana moja, binti ya mufanyabiashara wa samaki, mama yake mutu wa Boga. Musichana yule ndiye huyu ananipangusa jasho. Anaclet alitangulia kuingia kwa baba yake. Muzee akamuuliza, uko na ngombe? Akajibu, niko na nyimbo. Muzee akamupa chai, akamusindikiza vizuri mpaka njiani. Mimi niliingia nyuma yake, na muzee alijua kama na mimi ni mutu wa gitari tu, lakini baba yangu mudogo alikuwa na ngombe kule Boga, na ngombe zile zilitembea mpaka hapa Bunia na miguu yao, watu walitoka mu nyumba zao kuziangalia zikipita. Nikapewa bibi. Munaelewa? Siku moja mu maisha yangu nilimushinda Anaclet, na ilikuwa muchana kweupe, na muji yote iliona.

Yeye alifanya nini? Hakupigana. Hakulewa. Hakunisema vibaya kwa mutu. Alienda kwake akatunga wimbo, «Njia ya Boga», ile munajua, ile kila mutu anajua: mwanaume amesimama njiani, anauliza kila mutu anayetoka Boga kama ameona musichana wake, na wote wanamujibu kama wameona ngombe tu. Jina ya Suzanne haimo, na haikuhitaji kuwamo. Na ni nani alikuwa anapiga gitari ya chini mu wimbo ile, kila jumamosi, mbele ya bibi yake mwenyewe aliyekaa meza ya mbele na tumbo ya Nathanaël, na watu wanamuangalia bibi, halafu wananiangalia mimi, halafu wanarudisha macho kwa Anaclet na kuomba arudilie? Ni mimi. Nilipiga vizuri, tena. Sikukosea hata mara moja, juu ningekosea wangesema nimefanya makusudi. Ngombe zile zote vita ilisha kuzikula, Suzanne, za baba yako na za baba yangu mudogo. Wimbo haijapungua hata neno.

Halafu akakufa, na hata hapo alinitangulia. Kamiyo, lori ya mizigo, ilianguka naye ku muteremuko, njia ya Mahagi, alikuwa anaenda kupiga mu ndoa ya watu, kijana bado, hana hata unywele mweupe. Nililia kweli, sikulia ya mudomo. Na nilipomaliza kulia nilijiambia, sasa na mimi watanisikia. Nilikuwa sijui kitu. Mutu akiwa muzima, unaweza kushindana naye: anazeeka, koo inakauka, anagombana na majirani, siku moja anaimba vibaya na wote wanasikia. Aliyekufa haimbi vibaya. Hanenepi, hakohoi, hakopi chumvi. Mimi nilipoteza meno, yeye bado anacheka na yake yote.

Kila mwaka, siku ile, misa asubuhi ku parokia, halafu redio muchana kutwa. Serge wa redio alikuwa anaweka nyimbo zake moja nyuma ya ingine, na saa ya habari ikikaribia anasema, sasa tuite wale waliomujua. Ni nani alimujua? Ni Papa Marcellin. Walinitumia mutu na pikipiki. Nilivaa veste, nikaenda, nikakaa mbele ya mikro, na Serge akasema, tuko na bahati, tuko hapa na rafiki ya marehemu. Mwaka huu rafiki ya marehemu, mwaka ule rafiki ya marehemu. Jina yangu alikuwa anaitupia mwisho, mbio mbio, wimbo ingine imeshaanza kuifunika. Anaclet alipenda kula nini? Anaclet alikuwa anatunga asubuhi ao jioni? Siku moja nilimwambia, Serge, na mimi niko na nyimbo, uniulize za kwangu. Alicheka sana, akafikiri ninachekesha watu, akaweka «Njia ya Boga». Nikarudi nyumbani na miguu, juu pikipiki ilikuwa ya kwenda tu.

Lakini ni kikwembe ndiyo ilikuya kunimaliza. Ilikuwa aniversere kubwa, komite ya kumukumbuka ikapata watu wa kiwanda ya pombe kuisaidia, wakatuma foto ku kiwanda ya Kisangani, na kikwembe ikakuya, ya bluu, na Anaclet mu duara, gitari kwa kifua, meno ile imeachana, na chini wameandika «Hatutakusahau». Wanawake wa muji muzima waliikata. Nami niliingia jioni moja mu nyumba yangu, nimechoka na kazi, nikamukuta juu ya kiti, nikamukuta ku kamba ya nguo, nikamukuta kwa makalio ya bibi yangu, na kila pahali anacheka. Suzanne, ulinijibu nini? Ulisema, Papa Nathanaël, wote wamenunua, nikikosa mimi si ndipo watasema? Mwanaume mwenye wivu ya mutu muzima anaweza kumungojea njiani. Mimi nilikuwa na wivu ya nguo. Komite walinishonea shemizi ya kitambaa ile ile, zawadi, wakaniletea mpaka hapa. Niliitumia kupangusa baiskeli mpaka ikaisha.

Na muangalie foto ile muzuri, iko hapo kwa mugongo ya Bénédicte. Ku bega ya kushoto ya Anaclet muko na kitu mulifikiri ni pambo. Ni vidole. Ni vyangu. Tulipigwa foto wawili, nilikuwa nimemuwekea mukono ku bega, na komite walipokata foto walinitoa mimi, lakini vidole vilibaki, juu kuvitoa ingeharibu bega yake. Vidole hivi vimefika Kisangani, vimefika Beni, vimefika Aru, vimevaliwa ku misa na ku soko, na hakuna mutu hata moja alishauliza mwenyewe iko wapi.

Ninyi watoto munasema kama nilikuwa papa mukali, kama sikuwapokea kwa mugongo ya mama yenu wakati munalia. Ningewapokea namna gani? Mulikuwa mumefungwa ndani ya mutu ule. Bénédicte na Vital, wote wawili, ni yeye aliwabeba, ni yeye alilowa mikojo yenu, haki yake, na leo Ornella mutoto ya Bénédicte analala humo humo. Munipe maji. Kidogo tu, mulowanishe mudomo.

Sasa vitu. Parsele hii ya Rwambuzi iko ya mama yenu mpaka siku yake, halafu ni yenu watatu pamoja, na musiikate vipande kumuuzia mutu yeyote aliyekuja Bunia na bunduki, hata akileta karatasi yenye mihuri. Nathanaël, weye ni mukubwa, lakini mukubwa haiko mufalme. Ukitaka kuamua kitu, umuulize kwanza dada yako, halafu ufikiri, halafu umuulize tena. Miti ya kahawa kule Djugu, sijui kama bado inasimama, na sitaki mutu aende kuiangalia mpaka wale wa kule wenyewe waseme mukuye.

Vital, uniangalie. Hapana chini, uniangalie mimi. Nilisikia kama kuna kijana alikuambia uende naye uchukue bunduki, mutarudisha ngombe za babu yenu. Zilisha kuliwa. Utarudisha nini, mavi? Waliozichukua ninawajua majina, na ninakufa nayo, hamutayasikia kwangu. Mimi nilichukia mutu moja maisha yangu yote, nikala naye, nikapiga muziki naye, nikabeba sanduku yake ku bega, na sikumupiga hata kofi. Chuki haihitaji bunduki, mwanangu. Inatosha yenyewe, inakupa kazi mpaka uzee.

Gitari iko juu mu plafon, ku dari, nyuma ya mabati ya zamani; waliingia wakaikosa. Nathanaël, ninaona umeinua macho. Haiko yako, vidole vyako vinajua kufunga magunia. Ni ya Bénédicte. Nilikuwa nakusikia ukiipiga wakati unafikiri nimeenda kwa majirani, unapiga ile ya chini, unashika muzuri, hauharakishi. Lakini siku moja usimame mbele upige solo. Hata kama utakosea. Wasikie kama ni weye umekosea, wasifikiri ni mwingine.

Ngojeni nipumue. Hapa ndipo inakuwa ngumu.

Tangu askari wa Uganda walitoka na muji ikapasuka, redio imenyamaza. Wenye bunduki walibeba mashini zote mpaka nyaya mu ukuta. Serge, wanasema, alikimbia na miguu njia ya Beni. Padri hayuko. Wale wa komite ya Anaclet, moja amekufa, mwingine amejificha, na waliobaki hawasalimiane tena, juu huyu ni wa kabila hii na yule ni wa kabila ile. Nikiwa nimelala hapa niliwaza yote hii, nikaelewa: kesho, kwa mara ya kwanza, hakuna misa, hakuna redio, hakuna mutu. Anaclet atasahauliwa. Nilifurahi. Mulikuwa munaulizana juu ya nini papa anacheka peke yake na mbavu zinamuuma, ilikuwa ile. Nilijiambia, ninaweza kwenda sasa, nimeishi mpaka nikaona.

Lakini kumbukeni siku ile waliingia humu. Mama yenu na Bénédicte walikuwa wameenda kutafuta sombe, majani ya mihogo, kila moja na kipande yake ya kikwembe, moja ku kiuno, ingine ku mugongo na mutoto ndani, na ndiyo sababu imepona, juu vyote vilibaki mu nyumba vilibebwa. Kwa kurudi wakakuta bariere mupya, njia imefungwa na muti, vijana na bunduki, macho nyekundu. Wakaulizwa ni kabila gani. Na hawakujua vijana wale ni wa upande gani, kwa hiyo kila jibu ilikuwa kaburi. Bénédicte akageuka kumutuliza mutoto. Basi moja wao, yule alikuwa mukali kupita wote, akaona mugongo ya Bénédicte, akaanza kuimba: «Njia ya Boga, unirudishie wangu.» Kijana ambaye, wakati Anaclet alikufa, hata mama yake alikuwa hajaolewa. Mwenzake akaitikia. Wakapiga na vidole juu ya bunduki, wakasema, mupite, mama, mupite na muzee yetu.

Muzee yao! Bénédicte, ulinielezea ukilia, na mimi nikalia, ukafikiri ni shukrani. Shukrani ilikuwamo. Nilimushukuru Mungu kwa sauti, na ndani wivu ilinikaba kupita siku zote zilizotangulia. Mimi nilitoa ngombe kwa mwanamuke huyu, na ngombe haikumuvusha bariere. Mutu aliyekuwa mu udongo tangu zamani, bila redio, bila misa, kwa kipande ya nguo, aliniokolea bibi, na binti, na mujukuu, saa ile ile mimi nilikuwa hapa chini ninavutwa na miguu. Wa upande huu wanasema Anaclet ni wao, juu mama yake alikuwa wa huku; wa upande ule wanasema ni wao, juu ya baba yake. Mimi hakuna upande inanigombania.

Kwa hiyo Suzanne, hii ndiyo ninakuomba, na sitaomba ingine. Mwaka ukizunguka, siku yangu ikifika, usitafute padri wala redio. Ukae pahali peke yako na watoto, na uimbe moja yangu. Ile ya mvua. Nilikuimbia mu nyumba yetu ya kwanza, ile ya majani, ilipokuwa inavuja na tunahamisha kitanda. Imba sasa, watoto waisikie, waishike mu kichwa.

Imba, mama.

Unaangalia chini. Umesahau? Haina neno, ni zamani, tulikuwa na njaa. Nitakuanzishia. Inaanza hivi, mvua inagonga, na mutu mu nyumba anasema... ngoja. Gitari inapanda, inapanda, halafu inarudi hapa... hapana, hii ni ya kwake. Hii ni «Njia ya Boga». Ngojeni. Mvua inagonga, na... Tena ni yeye. Kila mara ninafungua mulango, ni yeye amesimama. Nimepiga chini ya sauti yake mpaka vidole vimejua za kwake kuliko zangu. Imeenda. Mutu wa mwisho aliyeijua ni mimi, na mimi siijui tena.

Muniachie kidogo. Hapana, musinifunike, sisikii baridi.

Ni nani anaimba? Suzanne, haiko ile nilikuomba. Ninajua haujui ingine. Na weye Bénédicte. Acheni, acheni basi, mutakuwa mukinizika nikiwa muzima... Hapana. Musiache. Musikilize kule ngambo ya ukuta. Ni sauti ya jirani yetu Mama Gertrude ile, na wale wakimbizi wa Djugu wanalala mu parsele yake. Wanaitikia. Watu wale hawajafungua kinywa tangu wamefika, hata kuomba chumvi wanaonyesha na mukono, na sasa wanaitikia.

Muniinue kichwa. Nathanaël, shika hapa nyuma. Nimeona kitu.

Mulikataa kutoka Rwambuzi juu yangu. Munasema njia ya kwenda ku aeropo, ku uwanja ya ndege, pale askari wa Monuc, wale wa Umoja wa Mataifa, wako, iko na bariere, na papa hawezi kutembea. Na mimi nikikufa, mutanichimbia mbio mbio nyuma ya jikoni, halafu mutajaribu kuvuka, na kule watawauliza kabila. Musikilize. Ninageuza neno ya kwanza. Ninageuza na ya pili. Munifunge na kikwembe ya Anaclet. Ile ya mama yenu. Ya Bénédicte ibaki kwa mutoto, mutoto abebwe. Na sura ikae juu, hapa kwa kifua, isifichwe na mukunjo, mutu akiwa mbali aione. Na itakuwa kesho. Nikikufa leo, munilaze, mungoje. Kesho ikifika nikiwa bado na pumzi, nitajikaza nikufe asubuhi. Suzanne anajua mimi nikisema nitajikaza.

Mutanibeba na mukeka hii, Nathanaël na Vital mbele, wanaume wa Djugu nyuma. Mama Gertrude atoe watu wote mu parsele yake, wazee, wagonjwa, wenye mimba, kila mutu anataka kuvuka afuate mufu. Muanze kuimba mbele ya kuona bariere, si wakati mumeshafika, mutu akianza kuimba mbele ya bunduki sauti inatetemeka. Wakiuliza ni nani mumebeba... musiseme jina yangu. Musiiseme. Museme leo ni siku ya Anaclet. Haiko uongo. Mukishavuka, karibu na askari wale, pahali udongo iko laini, munichimbie, na kikwembe muitoe kwanza, mama yenu aifue aivae. Itawafaa tena kwa kurudi.

Sasa muweke vichwa hapa, chini ya mukono yangu, moja moja, mukono haiinuki tena. Nathanaël, watu wakusikilize bila weye kupiga kelele. Bénédicte, maziwa isikauke, na vidole visikauke. Vital... uzeeke. Hiyo ndiyo baraka yako, uzeeke, meno itoke yote, uwachoshe wajukuu na hadithi. Mungu aliyenipa ninyi awahesabu jioni na asubuhi, na asikose hata moja. Suzanne, weye sikupi baraka, nilikupa ngombe. Nilikupenda. Yeye angelisema muzuri kunipita.

Maji... hapana, acha. Imbeni. Chini kidogo, kama ile ya kushika... ndiyo.

Muone sasa. Padri hayuko, redio hakuna, na kesho ni siku yake, na mimi ndiye nimemuchukulia siku ile. Wataimba, bariere yote itaimba... ya kwake, ninajua, ya kwake... lakini mutu watakuwa wanabeba... ni mimi.